Chumvi kwanza, kutu baadaye: kutengeneza vyuma vya gramafoni ya zamani katika pwani ya Mtwara na Lindi

Gramafoni za kuzungusha kwa hendeli bado zipo katika nyumba za Mikindani, Lindi mjini na kule juu Newala. Nyingine zimefunikwa kanga juu ya kabati, nyingine zimesukumwa uvunguni. Utakazokutana nazo zaidi ni zile za sanduku la kubeba mkononi, mfano HMV 101, ya kampuni ya Uingereza, iliyotengenezwa kati ya 1925 na 1931, na HMV 102 iliyoifuata. Zile zenye tarumbeta kubwa la nje ni chache, na nyingi zina umri mkubwa zaidi. Zote zilipiga santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zikiwemo zile alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928. Mashine ya namna hiyo inastahili fundi mwenye subira.

Huku kwetu kinachoziua ni chumvi kuliko uzee. Upepo wa bahari huibeba hadi ndani ya nyumba, ikatulia juu ya chuma, ikavuta unyevu wa hewani na kujificha chini ya kutu. Ukisugua kutu na kuiacha chumvi, chuma kitang'aa kwa wiki chache, halafu kutu itachomoza palepale. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kuosha. Jambo la pili la kushika tangu mwanzo: ngozi ya nikeli juu ya vyuma hivi ni nyembamba sana, na msasa ukishaiondoa hakuna dawa ya dukani itakayoirudisha.

Kuhusu msimu, sisi wa kusini tuna mvua za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kuosha na kufungua mashine unaweza kufanya wakati wowote. Kazi ya rangi na vanishi isubiri kati ya Juni na Oktoba, hewa ikiwa kavu.

Kabla hujagusa bisibisi

Acha springi iishe nguvu. Fungua breki, iache sahani ya kuzungushia santuri izunguke mpaka isimame yenyewe. Hata hapo, springi iliyo ndani ya pipa lake bado imejikunja kwa nguvu, na ikiruka inaweza kukata mkono hadi mfupa. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo mbele ya fundi anayeijua, usilifungue pipa. Kila kitu kilichoelezwa hapa kinaweza kufanyika huku pipa likiwa limefungwa.

Piga picha kwa simu kila hatua, na skrubu za kila sehemu ziweke kwenye kopo lake. Mashine za Uingereza mara nyingi hutumia skrubu zenye nyuzi za BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza kisicholingana na cha milimita. Skrubu ya milimita 4 inayouzwa dukani itaonekana kama inaingia, kumbe inakata nyuzi za ndani, kwa hiyo skrubu ya zamani, hata ikiwa mbaya kiasi gani, isitupwe.

Skrubu iliyoshikwa na kutu haitaki nguvu. Kwanza chonga ncha ya bisibisi kwa tupa mpaka ijae kabisa kwenye mfereji wa kichwa, kwa sababu bisibisi inayocheza ndiyo inayoharibu vichwa. Kisha dondoshea mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, na uache usiku kucha mbali na moto. Asubuhi igonge kichwa taratibu. Ikikataa, gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwa dakika moja au mbili ili kichwa kipate joto, baada ya kufuta mchanganyiko wote wa asetoni, kisha jaribu tena kikipoa.

Tambua chuma ulichonacho

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu fundi anapaka dawa moja kwenye kila kinachong'aa. Chukua sumaku ndogo na ukae mahali penye mwanga wa mchana.

Nikeli ina weupe wenye joto, unaoelekea kidogo kwenye manjano, na ikichakaa hufifia na kuwa na ukungu. Kromu ni nyeupe yenye ubaridi, inaelekea bluu. Haifubai, ila hutoboka vitundu vidogo vya kutu. Mashine za miaka ya 1920 kurudi nyuma ni za nikeli, na kromu ilianza kuenea mwishoni mwa miaka hiyo na kwenye miaka ya 1930. Halafu jaribu sumaku. Ikinata kwa nguvu, chini ya ngozi hiyo kuna chuma. Isiponata, chini kuna shaba ya njano au aloi ya zinki. Ili kutofautisha hizo mbili, tazama sehemu ya ndani isiyoonekana, kwenye tundu la skrubu kwa mfano: manjano ni shaba, kijivu cha kufifia ni zinki.

Aloi ya zinki ndiyo ya kuogopwa. Ilitumika sana kwenye mikono ya gramafoni na vichwa vya sauti vinavyoshika sindano, na ikiwa ilichanganyika na uchafu wa madini ya risasi ilipoyeyushwa kiwandani, huvimba na kupasuka yenyewe kadiri miaka inavyopita. Unyevu wa pwani huharakisha ugonjwa huo. Ukiona nyufa nyembamba zinazosambaa, usikaze skrubu, usiweke asidi, usitie moto, usiloweke. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ziba ufa kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya, na hapo umemaliza. Hakuna matibabu mengine ya chuma hicho, na mwenye mashine aelezwe hivyo mapema.

Kuosha chumvi

Ondoa grisi kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, kwa sababu maji hayapiti kwenye grisi. Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo na dawa ya kupausha.

Maji ya kusuuzia ndiyo siri ya kazi yote. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na ukisuuzia maji hayo unairudisha ile uliyotoka kuitoa. Tumia maji ya mvua, lakini yaache kwanza yaoshe bati la paa kabla ya kukinga, maana nalo limepigwa na upepo uleule. Wakati wa kiangazi nunua kwenye kituo cha mafuta yale maji safi ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, kwani asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo.

Vipande vya chuma kitupu, kama hendeli iliyokwisha nikeli, mabano ya ndani na bamba la kushikia mota, viloweke usiku kucha kwenye maji yaliyotiwa soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Soda huizuia kutu isiendelee wakati chumvi inatoka. Badilisha maji mara tatu au nne, kisha suuza kwa maji matupu. Magadi ghafi ya sokoni hayafai hapa, kwa kuwa yana chumvi ndani yake. Ukikosa soda ya kufulia, chukua bikaboneti ya dukani, ikaange kwenye kikaango kikavu cha chuma juu ya moto wa wastani kwa karibu saa moja huku ukikoroga. Itatoa mvuke na kugeuka kuwa soda unayoitaka.

Vipande vyenye nikeli au kromu visilowekwe kwa muda mrefu. Dakika chache za kusuuza zinatosha, kwani maji yakikaa hupenya kwenye vitundu na kuinua ngozi kutoka chini. Alumini na zinki zisiguswe na soda kabisa. Mota nzima pia haiogi kwa maji. Yenyewe husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa peke yake, ikainamishwa ili yachuruzike.

Kausha haraka, ndani ya nyumba, kwa kikaushia nywele au juu ya bati lililopashwa jua na kupozwa kidogo. Usianike barazani upepo ukivuma kutoka baharini.

Sasa jaribu kama chumvi imetoka kweli. Weka kipande cha chuma kitupu kilichokauka ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na kitambaa kibichi ambacho hakikigusi, na ukiache siku mbili. Kama vitatokea vitone vidogo vya rangi ya machungwa juu ya chuma, chumvi bado imo. Rudia kuloweka. Wengi huruka jaribio hili kwa haraka ya kuona mng'ao, nami nalishikilia kuliko hatua nyingine yoyote katika mwongozo huu.

Kutu kwenye chuma kitupu

Kutu nyepesi huondoka kwa brashi ya waya wa shaba na oili. Kutu nene iliyoganda kwenye kipande kisicho na rangi wala nikeli inaweza kutolewa kwa umeme. Chukua ndoo ya plastiki, tia maji na soda ya kufulia, safari hii kijiko kimoja kwa lita nne. Tumbukiza kipande chako kikiwa kimefungwa kwenye waya mweusi wa chaja ya betri ya volti 12, na kwenye waya mwekundu ufunge kipande cha nondo kuukuu. Visigusane. Vipovu vitatoka, na baada ya saa chache kutu itakuwa imelegea na kuwa tope jeusi la kusugua kwa brashi.

Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara, kwa sababu vile vipovu ni hidrojeni inayolipuka. Zima umeme kabla ya kuingiza mkono. Usitumie stenlesi mahali pa nondo, maana maji yake yatakuwa na sumu ya kromu. Usiweke springi yoyote ndani ya ndoo hiyo, wala kwenye siki au ndimu: hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu cha springi na kukifanya kikatike ghafla siku kikikazwa. Springi bapa nyembamba za gavana (kifaa cha mota kinachodhibiti kasi), zile zinazobeba vizito vitatu, ndizo za kwanza kuathirika.

Siki inafaa kwa vipande vidogo vya chuma kitupu tu, kwa saa chache, ikifuatiwa na maji ya soda ili kuua asidi. Kwa kutu nyembamba ya ndani isiyoonekana, paka chai ya rangi nzito sana mara kadhaa, ukiiacha ikauke kila mara. Tanini ya chai huibadilisha kutu kuwa nyeusi iliyotulia. Magome ya mikoko yana tanini nyingi zaidi, lakini mikoko yetu inalindwa na sheria, na majani ya chai yanatosha.

Nikeli na kromu

Baada ya kuosha utashangaa ni kiasi gani cha weusi kilikuwa uchafu tu. Simama hapo kwanza, utazame, kabla ya kufikiria kung'arisha.

Madoa ya kutu yaliyobaki yalainishwe kwa oili nyepesi kwa siku nzima. Kisha chukua waya nene wa shaba nyekundu, ule wa nyaya za umeme, uponde ncha yake iwe bapa, na ukwangue doa polepole huku oili ikiwepo. Shaba ni laini kuliko nikeli, hivyo hula kutu na kuacha ngozi. Stilwaya ya kusugulia masufuria ni kali mno. Inayofaa ni ile laini kabisa ya namba 0000, ikitumika na oili na mkono mwepesi. Kwa kromu kuna njia rahisi zaidi: karatasi ya alumini ya jikoni, ikikunjwa na kuloweshwa maji, husafisha madoa vizuri mno.

Dawa ya kung'arishia ije mwisho, kidogo sana, kwa kitambaa cha pamba. Epuka kingo na herufi zilizochongwa, kwa sababu hapo ndipo nikeli ni nyembamba zaidi na manjano ya shaba huanza kuchungulia. Kikichungulia, acha. Mkono wa gramafoni wenye nikeli iliyolika pale vidole vya watu vilipoushika kwa miaka mingi ni mzuri kuliko uliochovywa upya ukawaka kama bomba la bafuni.

Kuna wakati kuchovya upya hakuepukiki, hasa hendeli iliyobanduka yote. Usijaribu nyumbani. Chumvi za nikeli ni sumu, zinadhuru ngozi na zinahusishwa na saratani. Mtafute fundi wa kazi hiyo, umwambie mambo mawili kwa uwazi: asisage kipande kwa jiwe mpaka maandishi yafutike, na kilichokuwa nikeli kirudi nikeli, kisigeuzwe kromu. Kipande cha zinki usimpelekee fundi asiyezoea aloi hiyo, kwani bafu la asidi litakila.

Tarumbeta la shaba na mibonyeo yake

Tarumbeta la shaba hubonyea kirahisi, na mafundi wa kunyoosha bodi za magari hulipiga kwa nyundo. Nyundo ya chuma hutanua shaba, na shaba iliyotanuka haikai tena mahali pake. Tumia kusukuma. Mikoa yetu ina bahati ya mpingo: waombe wachongaji wa Kimakonde kipande cha makombo chenye ukubwa wa yai, kilichosuguliwa mpaka kiwe laini kabisa. Mpingo ni mzito na mgumu, ndiyo maana dunia nzima huutumia kutengeneza klarineti, na hauachi alama juu ya shaba. Laza tarumbeta juu ya mfuko wa mchanga uliofunikwa ngozi, na kwa mpingo sugua mbonyeo kutoka ndani, ukianzia ukingoni ukielekea katikati, kwa mduara. Nenda polepole, tarumbeta moja linaweza kula jioni nzima.

Mshono uliofunguka unalehemiwa kwa lehemu laini ya bati na risasi, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 190 za selsiasi, kwa pasi nzito ya kulehemu, siyo kwa moto wa gesi. Mshono wa jirani utafunguka ukizidisha joto, kwa hiyo uzungushie kitambaa kibichi. Dawa ya kulehemu ioshwe yote mara tu shaba ikipoa.

Angalizo moja kuhusu dawa za shaba: nyingi zina amonia. Shaba ya njano iliyokunjwa na kubaki na mkazo ndani yake hupasuka ikikutana na amonia pamoja na unyevu. Ugonjwa huo uligunduliwa kwenye maganda ya risasi ya jeshi la Waingereza huko India, yaliyokuwa yakipasuka wakati wa mvua za monsuni yakiwa yamehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Kwa hiyo baada ya kung'arisha, osha dawa yote, hasa kwenye mshono na kwenye ukingo uliokunjwa.

Rangi

Tarumbeta la bati lililopakwa rangi, au bamba jeusi lenye mistari ya dhahabu, lisipakwe upya kwa sababu tu limekwaruzika. Lisafishe kwa maji kidogo na sabuni laini, na usilisogezee spiriti wala thina, kwani huyeyusha nembo za zamani. Gusa michubuko tu, kwa brashi nyembamba.

Kama rangi imekwisha kabisa, kwangua, osha chumvi kama nilivyoeleza, paka praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo chuma kilipokauka, halafu rangi ya kupuliza tabaka tatu nyembamba. Anza umande ukishakauka, umalize kabla upepo wa mchana haujachanganya. Rangi au vanishi ikipata ukungu mweupe, ni unyevu umenaswa ndani. Subiri siku kavu, na mara nyingi tabaka jembamba sana la juu litaufuta.

Kufunga na kulinda

Vaa glavu, maana jasho la vidole nalo ni chumvi. Yeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, ondoa kwenye jiko, ndipo uchanganye tapentaini mpaka iwe laini kama siagi. Paka nyembamba kwenye nikeli, kromu na shaba, iache nusu saa, kisha futa. Nta ya magari nayo inafaa, mradi isiwe na unga wa kusugua. Mafuta ya maganda ya korosho, ambayo watu hupaka mbao kuzuia mchwa, yasifike hapa. Ni makali, hubabua ngozi, na hugeuka utomvu mweusi usiotoka.

Gia zipate grisi kidogo, fani za gavana tone moja moja la oili nyepesi, na kile kipande cha ngozi kinachogusa diski ya gavana kiloweshwe oili ili kisipige kelele. Ukishafunga, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na sindano juu yake, kisha hesabu: mizunguko 26 katika sekunde 20 ndiyo mwendo wa 78. Rekebisha kwa kitasa cha kasi.

Mashine ikae upande wa nyumba usiotazama bahari, na sanduku lake lisifungwe hewa moja kwa moja wakati wa mvua. Nta irudiwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake. Ukipita mwezi Januari ukaona kidoa cha kahawia kwenye mkono au hendeli, usichukue dawa ya kung'arishia. Kiondoe kwa oili na ule waya wa shaba, pangusa kwa yale maji safi ya kuongezea betri, kausha, paka nta mahali hapo tu.